Udhaifu katika Programu ya Kusawazisha Saa za Kompyuta

Saa ya kompyuta huendeshwa na mitetemo ya fuwele. Mitetemo hiyo huathiriwa na joto na baridi, hivyo saa mbili zilizolinganishwa asubuhi huweza kutofautiana kabla ya jioni. Kwa sababu hiyo kompyuta zilizomo katika mtandao hulinganisha saa zao kwa utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na Mmarekani David L. Mills na kuandikiwa maelezo rasmi mwaka 1985.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kompyuta hupeleka swali la baiti 48 kwa seva ya saa. Seva nayo hurudisha jibu la baiti 48, likionyesha wakati swali lilipofika na wakati jibu lilipoondoka. Ujumbe huu husafiri kwa itifaki ya UDP, isiyo na desturi ya kubisha hodi. Seva husoma anwani ya mtumaji kama ilivyoandikwa, kisha hujibu bila kuhakikisha kwamba ni yake kweli. Anayeghushi anwani hapa hapati faida kubwa, maana jibu halizidi swali.

Lakini programu ya ntpd, iliyotumika katika seva nyingi, ilikuwa na amri nyingine iitwayo monlist, iliyokusudiwa mafundi wanaochunguza hali ya seva. Amri hiyo ilirudisha orodha ya hadi anwani 600 za kompyuta zilizowasiliana na seva hivi karibuni. (Kwamba orodha hiyo alipewa hata mgeni aliyeiomba, ni jambo la kustaajabisha.) Wanafunzi na wafanye hesabu: swali la baiti 234 liliweza kuzaa pakiti 100, zenye jumla ya baiti zaidi ya 48,000. Jibu lilizidi swali zaidi ya mara 200.

Basi mshambuliaji hakuhitaji kuvunja mlango wowote. Aliandika swali, akaweka anwani ya mtu mwingine mahali pa anwani yake, na majibu yote yakamfurikia huyo mwingine. Mwezi Februari 2014 seva 4,529 zilitumiwa hivyo dhidi ya shabaha moja iliyolindwa na kampuni ya Cloudflare. Mkondo ulikaribia gigabiti 400 kwa sekunde, yaani wastani wa megabiti 88 hivi kwa kila seva. Saa za seva hizo hazikuguswa hata kidogo.

Toleo 4.2.7p26 liliondoa monlist. Amri iliyoshika nafasi yake, mrulist, humtaka muulizaji kwanza apokee namba maalumu kwenye anwani aliyoitaja, ndipo airudishe pamoja na swali. Mwenye kughushi haioni namba hiyo, kwa kuwa imekwenda kwa mwingine. Fundi mwenye seva ya toleo la zamani huweza kuandika neno noquery katika kanuni za faili ya ntp.conf, seva hukataa maswali ya namna hiyo, lakini huendelea kutoa saa.