Imejazwa, lakini haifiki

*Fomu yangu ya usajili inatumwa vizuri, ila namba ya simu haifiki kwenye seva. Id nimeiweka. Nakosea wapi? – Mwanafunzi, Dodoma*

Usihofu: namba haikupotea njiani, haikutumwa kabisa. Kivinjari hutuma kila sehemu ya fomu kwa jina lake, yaani sifa ya name. Id huisaidia lebo, CSS na JavaScript kuitambua sehemu hiyo ndani ya ukurasa tu. Utasema, mbona maandishi yanaonekana kwenye skrini? Kuonekana si kutumwa. Ongeza name="simu", kisha tazama kilichotumwa kwenye kichupo cha mtandao katika zana za msanidi. Bado haimo? Ondoa sifa ya disabled kama ipo, kwani nayo huizuia sehemu isitumwe, lakini readonly haizuii. Ikiwa imetumwa ila haihifadhiwi, muone anayeshughulikia seva.