Vidonge vya vitamini havichukui nafasi ya maji



Kisha mkutano wetu wa kupima bunga, mama mumoja alifungua kitambaa chake akanionyesha vidonge: vitamini B1, B6 na B12. Alikuwa ameuza makopo matatu ya maharagi juu ya kuvinunua. Mutoto wake alilala vizuri, asubuhi akaamuka miguu yote miwili imekazana, akaanza kutembea kwa ncha za vidole. Muuzaji wa dawa ku soko alisema: «Ni mishipa, mupe hii.» Nikamuuliza: «Muhogo munaulowanisha siku ngapi?» Akanyamaza kidogo. «Tangu wanunuzi wanapita kila juma, siku moja tu.»

Mimi ni agronome, siko muganga. Lakini jibu la yule mama linahusu shamba na jiko kuliko famasi, ndiyo maana ninaandika.

Vidonge vinasaidia wapi?

Mishipa ya fahamu inahitaji vitamini za kundi B. Mutu anayekula fufu ya muhogo peke yake kila siku anaweza kukosa B1: nyayo zinawaka, vidole vinakufa ganzi, miguu inalegea polepole. Anayekosa nyama, samaki, mayai na maziwa kwa muda mrefu anaweza kukosa B12, kwa sababu mboga na muhogo havina hiyo. Mugonjwa wa kifua kikuu anayekunywa isoniazide anaweza kupungukiwa B6, na muganga humuongezea. Kwa watu hawa, kidonge kinajaza kile kilichopungua.

Lakini ni muganga anayepaswa kupima na kusema kipimo. Kuwaka kwa miguu kunaweza pia kutoka kwa ugonjwa wa sukari au pombe. Tena B6 nyingi, ikinywewa kwa muda mrefu, yenyewe inaharibu mishipa. Usiseme: «Ni vitamini tu, haina ubaya.»

Konzo ni kitu kingine

Konzo haiji polepole. Inakamata miguu yote miwili kwa gafula, mara nyingi kwa siku moja, na inabaki maisha yote. Inapenda kukamata watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Jina lenyewe latoka kwa lugha ya Kiyaka, maana yake «miguu iliyofungwa». Daktari Trolli aliiandika mu 1938, kule Kwango. Mu miaka ya vita ilionekana pia Kivu ya Kusini.

Inatoka wapi? Muhogo muchungu una sumu ya sianuri. Ukiulowanisha siku za kutosha, muhogo unalainika, sumu inaachana nao na kutoka. Ukiukatisha, sumu inabaki mu bunga. Ile kidogo inayobaki, mwili unaweza kuivunja kama unapata protini nzuri: samaki, ndagala, mayai, nyama. Kwa hiyo konzo inakuja pale mambo mawili yanakutana: muhogo wa haraka na sahani isiyo na mboga ya nguvu. Ndiyo sababu inapanda wakati wa ukame, vita, ao biashara yenye haraka.

Muganga anaweza kumupa mugonjwa wa konzo vitamini juu ya kumutia nguvu, lakini hakuna kidonge kinachonyoosha miguu ile. Kinachosaidia ni mazoezi, fimbo, na kuacha muhogo wenye sumu ili hali isizidi.

Tufanye nini nyumbani?

1. Menya muhogo muchungu, ulowanishe siku 3 kamili, mpaka ulainike katikati. Wakati wa baridi ongeza siku. Kisha anika vizuri.

2. Kama una mashaka na bunga, fanya hivi, kama wamama wa Kwango wanavyofanya. Weka bunga mu beseni, tia alama ndani pale linapofika. Ongeza maji ukikoroga. Bunga litashuka, kisha litapanda tena. Likifika ku alama, acha maji. Tandaza ku mukeka, unene usipite santimetre 1, masaa 2 ku jua ao masaa 5 ku kivuli. Sumu inatoka na hewa. Pika siku ile ile, lisiharibike.

3. Usiuze maharagi na karanga zote. Ndani yake mna B1 na protini. Ongeza ndagala ao yai ukipata. Sombe nayo itwangwe na kuchemshwa sana.

4. Miguu ikikazana ao ikifa ganzi, nenda kituo cha afya mbele ya kwenda famasi.

Mutoto wa yule mama alipelekwa kituo cha afya. Ilikuwa konzo. Anatembea na fimbo. Wadogo zake wawili wako wazima, na mu nyumba ile muhogo unalala mu maji siku tatu.

Maswali ya kuzungumuza mu kikundi

– Kwetu, nani anakatisha siku za maji, na juu ya nini?
– Koperative inaweza kukatalia munnunuzi bunga la siku moja? Kama mutu mumoja akikataa peke yake, munnunuzi ataenda kwa jirani. Tukikataa wote, atangoja.
– Kila nyumba itabakiza makopo mangapi ya maharagi mbele ya kuuza?