Kompyuta ya Vitufe vya Mpira

Katika mwezi wa Aprili mwaka 1982, kampuni ya Bwana Clive Sinclair huko Uingereza ilitoa kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum. Siku zile kompyuta nyingi zilikuwa ghali mno. Hii iliuzwa kwa paundi 125, na ile yenye kumbukumbu kubwa zaidi kwa paundi 175. Basi watu wengi wakaweza kuiweka nyumbani.

Ilikuwa nyeusi, na vitufe vyake vilikuwa vya mpira. Haikuwa na kioo chake, bali iliungwa na televisheni. Michezo yake ilihifadhiwa katika kaseti, kama nyimbo zihifadhiwavyo. Mtoto aliitia kaseti katika mashine yake, akasikia milio mikali, akangoja dakika kadhaa mpaka mchezo uingie.

Ile kubwa ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 49,152 tu, na baiti moja hutosha herufi moja. Picha moja ya kujaza kioo yenyewe hula baiti 6,912. Kwa hiyo mtungaji wa michezo aliipima kila amri, kama msafiri wa jangwani apimavyo maji yake. Hata hivyo kijana Matthew Smith alitunga Manic Miner, mchezo wa mchimba madini apitaye mapango 20 yenye hatari, nao ukatolewa mwaka 1983.

Tena, kompyuta hii ilipowashwa tu ilikuwa tayari kupokea amri za lugha ya BASIC. Asiye na mchezo mpya aliweza kujitungia wake. Akikosea, alama ya kuuliza ilimetameta pale penye kosa, naye hakuweza kuendelea mpaka alisahihishe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashine hizi ziliacha kutengenezwa. Nyingi zimeharibika, na kaseti huchakaa. Michezo ile ingalipotea kabisa, lakini watu waliinakili kutoka katika kaseti, wakatunga programu iitwayo emuleta, yaani mwigaji. Hiyo huifanya kompyuta mpya izitii amri zile zile za kale. Hata leo wako watungao michezo mipya ya Spectrum. Huijaribu kwanza katika emuleta, nao huibana katika kumbukumbu ile ile ndogo.

Chombo huchakaa, bali maarifa yakitunzwa hudumu.

Maswali
1. Kwa nini mtungaji alipima kila amri?
2. Emuleta hufanya kazi gani?