Dondoo muhimu: Kucha za bandia kwa mkono unaoshika jembe

Septemba 2018, Spika Job Ndugai alipowazuia wabunge wenye kucha za bandia kuingia bungeni Dodoma, hoja ilikuwa afya. Kwa mama wa kijijini Mgori, Singida, anayepalilia alizeti, kuna pia suala la kazi.

Za kubandika kwa gundi zinafaa harusi tu; zikilegea zitoe, maji yasijifiche chini yake. Jeli, inayokaushwa kwa taa, hukaa wiki mbili na zaidi. Akriliki ni ngumu kuliko zote, lakini ikigonga mpini huweza kung'oa na ukucha wako, kwa hiyo weka fupi.

Usibandue kwa meno. Akriliki ifungie pamba yenye asetoni, subiri, kisha sukuma taratibu kwa kijiti. Kaa mbali na jiko: asetoni hushika moto upesi mno. Ukucha ukiwa wa kijani au ukiuma, nenda zahanati.