Mkwe wa Nchi Jirani na Karatasi Zake

Ndugu wanakikundi, sisi wa mpakani tunaoana na watu wa Uganda na Tanzania. Mahari ikilipwa twadhani kazi imekwisha. Bado!

1. Andikisheni ndoa, hata ya kimila. Cheti ndicho ushahidi.
2. Mwanzoni, Mkenya humwombea mwenzake pasi ya mtegemezi.
3. Ndoa ikifika miaka 3, mgeni aweza kuomba ukaazi wa kudumu, kwa sheria ya 2011.
4. Ikifika miaka 7, aweza kuomba uraia. Zamani mume mgeni alinyimwa haki hii. Katiba ya 2010 imewasawazisha.
5. Watoto ni Wakenya tayari, hata kwa mama pekee.

Tujadiliane: Ndoa ngapi kikundini mwetu hazina cheti?