Kitinda Mimba na Nunda

Katika hadithi za Unguja zilizokusanywa na Edward Steere, na kupigwa chapa London mwaka 1870, imo habari ya kijana aliyemwinda nunda, mnyama mla watu.

Nunda huyo hapo kwanza alikuwa paka tu, naye alifugwa na Sultani Majnuni. Alipomla ndama, watu walikwenda kushitaki. Sultani akajibu ya kuwa paka ni wake, na ndama ni wake. Paka akazidi kula na kukua, na jawabu likawa lile lile. Mwisho akakimbilia mwituni, akawa adui wa kila apitaye. Hata wana wa Sultani walipouawa, ndipo baba yao alipotambua ubaya wa kitu alichokifuga.

Alikuwako mwana mmoja, kitinda mimba. Kijana huyu hakumfuga paka, wala hakuulizwa shauri. Lakini deni la baba lilimwangukia yeye. Akaazimu kwenda kumtafuta nunda. Mama yake akamsihi akae nyumbani, kwani alikwisha kufiwa, naye hakutaka kufiwa tena. Sasa kijana afanye nini? Akikaa, mama atatulia, na watu wataliwa. Akienda, huenda asirudi.

Akaenda. Naye hakupata kumwona nunda kwa macho yake, basi kila mnyama aliyemwua alidhani ndiye. Akaua mbwa mkubwa, akamburura mpaka kwa mama yake. Mama akatazama, akamwambia kuwa siye. Siku nyingine akaua punda milia, kisha twiga, kisha kifaru, kisha tembo. Kila mara alirudi kwa furaha, na kila mara mama alimjibu kuwa nunda siye huyo.

Tufikiri neno hili. Mama yule alikuwa na njia nyepesi ya kumzuia mwanawe. Angalisema siku ya kwanza, "Ndiye," kijana angaliweka silaha zake, akala, akalala, akacheza na wenziwe kama vijana wote. Lakini nunda angalikuwa hai, na siku moja angalikuja mlangoni. Mama alimpenda mwanawe, walakini hakumdanganya. Baba alificha ubaya kwa neno moja, na mji ukaangamia. Mama alisema kweli, ijapokuwa ilimwuma, na mji ukapona.

Kwani mwisho kijana alimkuta nunda amelala mlimani, yeye na watumishi wake wakampiga akafa. Wakamchukua mpaka mjini, na safari hii mama alikiri kuwa ndiye.

Maswali
1. Sultani alikosa nini paka alipokuwa angali mdogo?
2. Kwa nini kijana alimletea mama yake wanyama aliowaua?
3. Je, ni nani aliyekuwa shujaa zaidi, mwana au mama? Toa sababu.