Deraya za Kujitengenezea na Risasi za Plastiki

Swali tunalokusudia kulijibu katika somo hili laweza kuonekana la kitoto: je, deraya iliyotengenezwa nyumbani kwa boksi, kandambili kuukuu na vipande vya jerikani yaweza kumkinga aliyeivaa dhidi ya bunduki ya kuchezea inayorusha tembe za plastiki? Tumeamua kulichukua kwa uzito wake. Bunduki za aina hiyo huuzwa kwa bei nafuu majira ya sikukuu, vijana hupenda kuigiza vita, na sisi tunaoishi kati ya Ziwa George na mpaka wa Kongo tuna sababu zetu za kutokiona kitu chenye umbo la bunduki kuwa mchezo mtupu.

Mchezo wenyewe una asili yake. Ulianza Japani katika miaka ya 1970, nchi ambayo sheria zake humbana sana raia anayetaka kumiliki bunduki. Wapenzi wa silaha wakatengenezewa mifano inayorusha tembe za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6, na mchezo ukaenea Ulaya na Marekani kwa jina la airsoft. Huko huchezwa zaidi na watu wazima, ndani ya uwanja uliotengwa, wakiwa na miwani maalumu na wasimamizi. Wengine hupenda kuingia uwanjani wakiwa wamevaa deraya za maigizo walizojishonea wenyewe, nao huuliza swali hilihili letu: zitastahimili?

Tuanze na nguvu ya risasi yenyewe. Tembe yenye uzito wa gramu 0.2, ikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde, hubeba nishati ya jouli 1. Hiyo ni sawa na limau la gramu 100 linaloanguka kutoka kimo cha mita 1. Anayesikia hivyo atacheka, naye ana haki ya kucheka, ila akumbuke kwamba limau hugusa kwa ubavu mpana, hali tembe hukusanya nguvu yake yote mahali padogo kuliko punje ya hindi. Bunduki ndogo za sokoni, zile za kuvuta springi kwa mkono, kwa kawaida ni dhaifu kuliko hizo za wachezaji wa ng'ambo. Tatizo ni kwamba mnunuzi hana njia ya kujua kwa kuzitazama, maana umbo la nje halisemi lolote kuhusu springi iliyomo ndani.

Kwa kifua, mgongo na mapaja, basi, jibu ni ndiyo: deraya ya nyumbani yatosha. Boksi la tabaka mbili au tatu zilizogundishwa, mikunjo yake ikipishana, huisimamisha tembe bila taabu maadamu ni kavu. Likilowa mvua au jasho hulegea na kuchanika. Mpira laini wa kandambili, ambao ni jamaa wa ule wanaoutumia washonaji wa mavazi ya maigizo duniani kote, ni bora zaidi kwa kuwa huinyonya nguvu na kuiacha tembe idondoke miguuni. Udhaifu wake uko kwenye maungio, pale gundi inapoachia mtu anapokimbia na kuinama. Ngozi kavu ya ng'ombe, ambayo wafugaji wa Hamukungu hawahitaji kufundishwa habari zake, huvishinda vyote hivyo, ingawa ni nzito, na joto la bonde letu si la kuvumilika ndani yake kwa muda mrefu.

Jerikani ndiyo yenye kuhadaa. Plastiki yake ni ngumu, tembe haipenyi, na kijana hujiona ameshapata ngao ya chuma. Lakini kile kisichopenya hurudi. Tembe inayogonga kitu kigumu huruka upande usiotarajiwa, na jicho la jirani aliyesimama mkono wa kushoto halikuwa sehemu ya hesabu. Tena jerikani iliyokaa juani miaka miwili mitatu hukauka na kuwa kama kigae. Ikigongwa hupasuka kwa ncha kali. Bati tusiliseme sana: hurudisha tembe kuliko jerikani, na kingo zake hukata shingo ya mvaaji kabla adui hajafika.

Anayetaka kuthibitisha asimjaribie mtu. Aitundike deraya kwenye mti au uzio, nyuma yake atandaze karatasi nyembamba, asimame mbali kiasi cha hatua tatu, na mtu mzima awepo. Kila aliyepo avae kinga ya macho, na watazamaji wakae nyuma ya mpigaji. Karatasi ikitoboka, deraya haifai. Isipotoboka, ajue tu kwamba inafaa kwa tembe hiyo na bunduki hiyo. Anayetia gololi za chuma badala ya plastiki amekwisha kutoka mchezoni.

Sasa tuje kwenye macho, ambako jibu letu hubadilika kabisa. Jicho la mwanadamu lina upana wa takriban milimita 24, na tembe ya milimita 6 huingia katika tundu lake bila kuzuiwa na mfupa wa paji wala wa shavu, kinyume na mpira au ngumi. Madaktari wa macho katika nchi nyingi wameandika juu ya watoto waliopigwa na tembe hizi: damu hujaa nyuma ya kioo cha jicho, lenzi huingia ukungu kama wa mtoto wa jicho wa wazee, na mara nyingine utando wa nyuma unaopokea mwanga hubanduka. Ngozi ya kifua hupona kwa siku mbili. Jicho laweza lisipone.

Vifuniko vya macho vya kujitengenezea havifai hata kimoja. Kipande cha chupa ya maji hujikunja na kupasuka. Miwani ya jua ya sokoni huvunjika, na vipande vyake huwa risasi ya pili. Wavu wa samaki una matundu makubwa kuliko tembe. Hata wavu wa waya wenye matundu madogo hauaminiki, kwa kuwa tembe duni hupasuka juu yake na chembe zake hupita. Kinachofaa ni miwani ya usalama ya polikaboneti, yenye alama ya kiwango chake iliyochapwa juu ya fremu au kioo, na inayofunga pande zote. Isipopatikana, pasiwe na bunduki ya tembe. Mchezo uendelee kwa panga za boksi.

Ajali ikitokea, mtoto asifikiche jicho wala lisikandamizwe. Lisitiwe maziwa, majani wala dawa iliyobaki nyumbani. Akae akiwa ameinua kichwa, jicho lifunikwe kwa kitu kikavu kisichogusa mboni, mfano kikombe cha karatasi kilichokatwa, naye apelekwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya au hospitali, iwe Bwera au Kagando. Asipewe aspirini, kwani huongeza kuvuja damu. Wazazi wengi husubiri kuona kama uwekundu utaisha wenyewe. Uwekundu waweza kuisha, na uwezo wa kuona ukaisha pamoja nao.

Kuna hatari nyingine ya deraya, nayo ni ile imani inayomwingia mvaaji. Risasi moja ya bunduki ya AK-47 hubeba takriban jouli 2,000, yaani mara elfu mbili ya tembe tuliyoitaja. Hakuna boksi, ngozi wala jerikani itakayoizuia. Historia ya eneo letu imeandika gharama ya kudhani vinginevyo. Mwaka 1905, kusini mwa Tanzania ya leo, wafuasi wa Kinjikitile Ngwale waliyaamini maji ya kuzishinda risasi za Wajerumani. Mwaka 1987 wafuasi wa Alice Lakwena walijipaka mafuta kwa matumaini hayohayo, wakafika karibu na Jinja kabla ya kushindwa. Hatuwadhihaki marehemu hao, maana walikuwa na dhiki zao. Twasema tu kwamba mtoto aliyezoea kuona risasi zikidunda kifuani mwake asije akaisogelea bunduki ya kweli akidhani nayo itadunda.

Mwisho ni macho ya anayemtazama. Tarehe 22 Novemba 2014, katika bustani ya mji wa Cleveland nchini Marekani, mvulana wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa akichezea bunduki ya aina hii. Ile ncha ya rangi ya chungwa inayoitambulisha kuwa ya kuchezea ilikuwa imeondolewa. Mtu aliyepiga simu polisi alisema huenda ni bandia na huenda aliyeishika ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Mmoja wao alifyatua ndani ya sekunde mbili hivi baada ya gari kufika, na mtoto akafariki siku iliyofuata. Kosa la kutofikisha ujumbe lilikuwa la wakubwa, si la mtoto, na sisi wenye kazi hii twapaswa kuisoma habari hiyo kabla ya kuwasomea wengine.

Hapa kwetu mazingira ni mazito kuliko ya Cleveland. Mpondwe ilishambuliwa tarehe 13 Novemba 1996, na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliuawa watu zaidi ya 40 katika shambulio la Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, wengi wao wanafunzi. Hamukungu nayo imezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako askari wa wanyamapori hulinda dhidi ya majangili wenye silaha. Kivuli chenye kifua kipana, kofia ngumu na mtutu, kikionekana vichakani saa moja jioni, hakimwambii mlinzi kwamba ni boksi. Deraya iliyoshonwa vizuri mno, iliyopakwa rangi ya majani, ndiyo ya hatari kuliko zote. Isitoshe, sheria za Uganda zinamkataza raia kuvaa sare za jeshi.

Kwa hiyo tunaomba deraya za maigizo zipakwe rangi za kung'aa, nyekundu, manjano au buluu, na bunduki ya plastiki isiondolewe ncha yake ya rangi wala isibebwe wazi barabarani, kwenye boda boda au kuvuka daraja la mpaka. Mchezo ufanyike mchana, ndani ya ua wa shule au wa kanisa. Mwalimu au mzazi anayeandaa igizo lenye silaha za bandia amjulishe mapema mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi kilicho karibu. Na anayepiga 999 au 112 kutoa taarifa ya mtu mwenye bunduki aseme yote aliyoyaona, hata lile analolidhania tu: kwamba huenda ni mtoto, kwamba huenda ni ya plastiki. Anayepokea simu ana wajibu wa kulifikisha neno hilo kwa askari walioko njiani.